Mashine mbili, gunia moja: kisa cha mahindi yaliyorudishwa getini Nakuru

Kisa hiki kinahusu shehena ya mahindi iliyokataliwa na mnunuzi kwa kuwa na maji mengi, ingawa wakulima walikuwa wameipima siku iliyotangulia na kuikuta mikavu. Majina ya watu, kikundi na kampuni yameondolewa, na idadi ya magunia haikutajwa kwa sababu ingewatambulisha wahusika. Vipimo vimeachwa vilivyo, maana bila hivyo hakuna cha kujifunza hapa.

Usuli

Kikundi kiko upande wa juu wa kaunti ya Nakuru, kule ambako baridi huyafanya mahindi yakae shambani miezi mingi, na mavuno huanza Oktoba na kuburura hadi Januari. Wanachama ni wenye ekari mbili, tatu, wachache tano. Kila mmoja huvuna na kupukuchua kwake, kisha mahindi huletwa kwenye uwanja mmoja kuanikwa, kupimwa na kutiwa magunia ya kilo 90, ili yauzwe pamoja bila dalali kukaa katikati.

Mnunuzi ni kampuni ya kusaga unga mjini. Kiwango chake ni asilimia 13.5 ya unyevu, kile kile ambacho Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao hutumia, na haongezi hata nukta. Wakulima huona huo ni ukaidi wa mwenye pesa. Lakini juu ya kiwango hicho kuvu hupata pa kuanzia, na aina ya Aspergillus flavus huacha sumukuvu isiyoondoka kwa kupika. Mwaka 2004, huko Ukambani, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliohesabiwa. Sheria ya Kenya inaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo ya mahindi, na msagaji anayepatikana amezidisha huweza kuzuiwa kuuza unga wake. Karani wa getini anajua hayo yote anaposhika kipimo.

Kuhusu vipimo vyenyewe. Kikundi kilikuwa na mashine ya sindano: kifaa cha mkononi chenye ncha mbili za chuma zinazochomekwa kwenye nafaka, umeme mdogo ukapitishwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Kampuni ilikuwa na mashine ya kikombe: unamimina nafaka ndani, hakuna kinachochomekwa, na kioo kinatoa jibu. Kila moja huandika namba na alama ya asilimia. Hapo ndipo pande zote mbili zilipopotea, kwa sababu alama ni ile ile lakini swali ambalo kila mashine huyauliza mahindi ni tofauti kabisa.

Yaliyotokea

Mvua ya Novemba ilichelewa kukatika. Mahindi yalifika uwanjani yakiwa na unyevu wa asilimia 18 na zaidi, kisha jua likafunguka ghafla, jua la upepo mkavu. Yalitandazwa kwa unene mdogo juu ya maturubai meusi na kugeuzwa mara kwa mara. Yalikauka upesi kuliko mtu yeyote alivyotarajia.

Saa tisa alasiri katibu alichomeka sindano sehemu mbalimbali: 13.0, 13.2, 12.9. Mzee mmoja aliokota punje, akaing'ata kwa gego, akaitema mkononi na kuitazama. "Katibu, haya bado. Yanabonyea ndani." Katibu alimgeuzia kioo. "Mzee, mashine imeshasema." Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Mau, na hakuna aliyetaka kuyaona mahindi yakinyeshewa mara ya pili. Magunia yakashonwa yakiwa bado na joto la turubai, lori likapakiwa jioni ile ile na kulala hapo hapo chini ya turubai.

Asubuhi, getini, karani alichoma magunia kadhaa kwa bambo, ule mrija wa chuma uliochongoka, akamimina kwenye kikombe. 15.1. Akachukua mengine: 14.8, kisha 15.3. Akaandika "maji" kwenye karatasi na kumpa dereva.

Zilizofuata ni lawama za kawaida. Wakulima walisema mashine imechezewa ili wauze kwa bei ya chini. Karani alisema mahindi makavu yamewekwa juu na mabichi yakafichwa chini, ujanja aliokwisha kuuona. Dereva alisema gari lake halilali bure. Katibu, kwa hasira, alitoa mashine yake mfukoni na kuichomeka kwenye gunia lile lile mbele ya watu. Ikasoma 13.9.

Karani akacheka. "Mnaona? Hata mashine yenu imewageuka."

Maamuzi, na sababu zake

Mwenyekiti alinipigia simu kwa kuwa kazi yangu ni vipimo. Nilipofika nilikuta watu wameshasahau namba na wanazungumza juu ya tabia.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuishika ile 13.9. Karani aliiona kama aibu ya kikundi. Kwangu ndiyo iliyokuwa habari kubwa ya asubuhi. Mashine moja, mahindi yale yale, gunia lililoshonwa, hakuna tone la maji lililoongezwa, na bado namba imepanda karibu nukta nzima, yaani karibu asilimia moja ya unyevu, usiku mmoja. Mashine haikuharibika usiku. Kilichobadilika ni mahali maji yalipokaa ndani ya punje.

Wa pili ulikuwa kutafuta shahidi asiyetumia umeme. Chumvi kavu na mahindi hutiwa kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ikatikiswa dakika chache, na chumvi ikigandamana ukutani mahindi huhesabiwa kuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Tulifanya hivyo kwa chupa ya soda. Chumvi ilishika kidogo chini ya shingo, sehemu nyingine ikateleza. Jibu la katikati, lakini lilitosha kuwatuliza wote wawili: hayakuwa mabichi kama karani alivyodai, wala makavu kama katibu alivyoapa.

Shahidi mkubwa ni oveni. Tulijaza chupa za plastiki hadi mdomoni, kutoka juu, katikati na chini ya magunia, tukazifunga kwa utepe na kuzipeleka maabara ya chuo cha kilimo. Utaratibu wao ni wa punje nzima: nyuzi joto 103 za selsiasi kwa saa 72, kupima uzito kabla na baada, tofauti ndiyo maji. Hauna mjadala. Una siku tatu.

Na lori lilikuwa haliwezi kungoja siku tatu. Kulikuwa na njia nne: kurudi nyumbani, ambako mvua ilikuwa imeanza, kulipa dereva akae, kuwauzia madalali waliokuwa tayari wamesimama nje ya geti kama kawaida yao, au kushusha kwenye ghala la kukodi lenye uwanja wa saruji hapo mjini. Wengi walichagua ghala. Karibu theluthi moja waliuza kwa dalali siku hiyo hiyo, na siwezi kuwalaumu: karo ya Januari haingojei oveni.

Matokeo

Oveni ilitoa kati ya 14.3 na 14.5. Mashine ya wakulima ilikuwa imepungukiwa na zaidi ya nukta moja mchana wa turubai, na nusu nukta asubuhi. Ya mnunuzi ilikuwa imezidisha karibu nukta saba za kumi. Kwa mauzo, karani alikuwa na haki ya kukataa, kwa sababu 14.4 bado ni juu ya 13.5. Kwa kipimo, wote wawili walikosea, kila mmoja upande wake.

Mahindi yaliyobaki yalianikwa tena kwenye saruji, yakarundikwa chini ya paa yakapoa na kulala, kisha yakachanganywa kwa koleo. Asubuhi sindano ilisoma 13.2 na kikombe 13.4. Yalipokelewa bila neno. Waliouza kwa dalali walipata bei ya dalali.

Uchambuzi: mashine haipimi maji

Hakuna kati ya mashine hizi mbili inayoona maji. Zinaona jinsi umeme unavyojiendesha ndani ya kitu kisicho na mpangilio, kisha programu iliyo ndani inakisia maji kutokana na hapo. Kitu chenyewe ni kigumu kukisiwa. Punje ina ganda, wanga mgumu pembeni, wanga laini katikati, na kiini chenye mafuta, na kila sehemu hushika maji kwa namna yake. Ukiyamimina mahindi kikombeni, takribani asilimia 40 ya nafasi ni hewa. Punje zimelaliana ovyo, nyingine zinagusana kwa ncha, nyingine kwa tumbo, na ukimwaga na kumimina tena, mpangilio ni mwingine.

Anza na sindano. Mahindi makavu ni kihami, yaani hayapitishi umeme. Maji kidogo yakiingia kati ya nyuzi za wanga, chumvi za asili zilizomo, potasiamu hasa, hupata nafasi ya kusogea, na mkondo ukaanza kupita. Ongezeko lake si la polepole. Mwaka 1908, Lyman Briggs wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alipima ngano na kukuta kwamba yenye unyevu wa asilimia 13 ina ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, mara 7 ya ile yenye 14, na mara 50 ya ile yenye 15. Mahindi hufuata mwendo wa namna hiyo. Ndiyo sababu kifaa cha bei nafuu kinaweza kutofautisha 13 na 14: tofauti ndogo ya maji ni tofauti kubwa ya mkondo.

Ukali huo huo ndio mtego. Kutoka ncha moja hadi nyingine, mkondo lazima uruke punje hadi punje, na kila mara uvuke ganda la hii na ganda la ile. Ni kama barabara ya kwenda sokoni yenye daraja moja lililovunjika: haijalishi lami ni nzuri kiasi gani kabla na baada, msafara unapimwa na lile daraja. Sasa yatazame mahindi ya saa tisa alasiri. Upepo na jua vimekausha ganda, labda hadi 11 au 12, ilhali katikati bado kuna 15. Kwa hesabu ya Briggs, nukta tatu nne za tofauti ni ukinzani wa mamia ya mara, hata maelfu. Umeme hauna njia ya kufika katikati bila kupitia ganda. Sindano ilipima maganda, ikaandika jibu kana kwamba limetoka kwenye punje nzima.

Joto la turubai lilipaswa kuvuta namba juu, kwa kuwa nafaka ya moto hupitisha umeme zaidi, na Briggs alilionyesha hilo pia. Mashine nyingi hujirekebisha kwa joto. Haziwezi kujirekebisha kwa ganda, maana hazijui lipo.

Usiku, ndani ya gunia, maji yalitembea kutoka katikati kwenda nje, na ganda likalowa kidogo. Asubuhi daraja lilikuwa limetengenezwa nusu, na sindano ikasoma 13.9. Wenye mashine za kukausha nafaka wanalijua jambo hili, na huacha nafaka ilale kabla ya kuiamini namba. Wakulima wa turubai hawaambiwi, labda kwa sababu jua huchukuliwa kuwa mpole. Jua la upepo mkavu juu ya turubai jeusi si pole.

Kikombe kinafanya kazi tofauti. Kuta zake ni mabamba mawili ya chuma yanayopewa umeme unaobadilisha mwelekeo mara maelfu au mamilioni kwa sekunde, na mashine inasoma ni chaji kiasi gani nafaka inasaidia mabamba kuhifadhi. Hewa inahesabiwa 1 katika kipimo hiki. Nafaka kavu iko kama 3 au 4. Maji, kwenye nyuzi joto 20, ni 80. Kila sehemu ya punje inachangia, iwe ganda au katikati, kwa hiyo daraja lililovunjika halizuii hesabu. Kwa nafaka iliyokaushwa juujuu, kikombe kina akili kuliko sindano. Hilo wakulima hawakufurahi kulisikia.

Mbona basi nacho kilikosea? Kwanza, joto. Gunia lililoshonwa moto hukaa na joto katikati usiku kucha, kwa sababu nafaka ni kihami cha joto pia. Bambo lilifika katikati hiyo, na mahindi ya uvuguvugu yakamiminwa kwenye mashine iliyolala ofisini kwenye baridi ya Nakuru. Niliomba karani aiache sampuli moja mezani, imefunikwa, hadi ipoe sawa na mashine. Ilipoteza nukta nne za kumi. Hivyo joto peke yake ni zaidi ya nusu ya kosa lake.

Pili, namna ya kumimina. Karani alikuwa na mazoea ya kugongagonga kikombe ili nafaka ijae vizuri. Kila kugonga kunatoa hewa na kuingiza punje, yaani maji zaidi kati ya mabamba, na mashine isiyopima uzito wa sampuli haiwezi kujua kwamba kilichoongezeka ni punje na si unyevu. Alikuwa anafanya hivyo kwa kila mkulima, kwa nia safi kabisa.

Tatu ni lile lile ganda kavu, safari hii likidanganya kwa upande wa pili. Katikati yenye maji hupitisha umeme, ganda halipitishi. Chaji zikisukumwa huenda hadi mpakani na kukusanyika hapo. Mabadiliko ya umeme yakiwa ya polepole, zinapata muda wa kurundikana, na punje nzima huonekana kuhifadhi chaji nyingi kuliko maji yake yanavyostahili. James Clerk Maxwell alieleza msingi wake katika karne ya 19, na Karl Willy Wagner akauendeleza mwaka 1914, ndiyo maana wanafizikia huita jambo hili kwa majina yao wawili. Kwa hiyo muundo mmoja, nje kavu na ndani mbichi, ulishusha namba ya sindano na kupandisha ya kikombe. Ugomvi wa getini ulikuwa umeshonwa ndani ya kila punje.

Dawa ya hilo kwenye mashine ni kuongeza kasi ya mabadiliko, chaji zisipate muda. Marekani ilipobadilisha vipimo vyake rasmi vya mahindi mwaka 2012, ilihamia megahezi 149, yaani mabadiliko milioni 149 kwa sekunde, kutoka zile mashine za zamani za megahezi chache, na hesabu yake hurekebisha joto na mrundikano wa sampuli. Mashine za namna hiyo ni ghali, na sioni kikundi cha wakulima wa ekari tatu kikinunua. Sioni pia sababu ya kuinunua, mradi nafaka imelala na imepoa.

Kuna meno na chumvi. Kung'ata kwa yule mzee kulipita ganda na kufika ndani, mahali sindano ilipokuwa haifiki, na ndiyo maana alijua. Gego halisomi nukta, lakini linajua kama katikati inabonyea au inakatika "ta". Chumvi nayo ina sababu yake: huanza kuvuta maji unyevu wa hewa unapofika asilimia 75, na mahindi yaliyofungiwa chupani huifikisha hewa hapo yakiwa na unyevu wa karibu 15. Kwa 14.4, chumvi kushika kidogo tu ndivyo ilivyotarajiwa. Hata hivyo, chumvi nayo husikiliza ganda kwanza. Kama katibu angeitumia saa tisa alasiri juu ya turubai, nayo ingemwambia mahindi ni makavu.

Lililosaidia na lililokwama

Lililosaidia zaidi ni kupima gunia lile lile kwa mashine zote mbili mahali pamoja, jambo lililotokea kwa hasira na si kwa mpango. Oveni ilimaliza ubishi, lakini ilifika wakati theluthi ya mahindi imeshauzwa. Kwa shehena inayosubiri getini, oveni ni ya kurekebisha mashine kwa msimu ujao. Haiokoi lori la leo.

Kushona magunia ya moto kulileta makosa mawili kwa mpigo, ganda kavu na joto lililofungiwa. Lakini siuiti uzembe: mvua ya Mau ilikuwa njiani. Kama hali ingekuwa ile ile tena, ningewaambia washone, wayaweke chini ya paa, na waache lori lije kesho yake.

Sasa kikundi hupima asubuhi, kabla jua halijapanda, mahindi yaliyolala rundoni. Karani ameacha kugonga kikombe. Mwanzoni mwa msimu kikundi hupeleka chupa mbili za mahindi oveni, na pande zote mbili huandika kwa kalamu kwenye mashine zao ni nukta ngapi za kuongeza au kupunguza.

Jambo moja halijakubaliwa. Gunia la kilo 90 likishuka kutoka unyevu wa 14.4 hadi 13.5 hupoteza chini kidogo ya kilo moja, yote maji. Wakulima wanauliza kwa nini mnunuzi asikate kilo hiyo kwenye malipo na kupokea mzigo, badala ya kurudisha lori zima. Kampuni inajibu kwamba kilo si tatizo, tatizo ni kuvu, na kuvu haikatwi kwa mizani. Mwenyekiti amependekeza wakubaliane kwamba hadi 14.0 mzigo upokelewe kwa kukatwa uzito na uanikwe kwa gharama ya mkulima kwenye uwanja wa kampuni. Barua yake iko mezani kwa meneja tangu mavuno yaishe.